Kujua Nasaba kwa Kuunga Jamaa

Katika darsa zetu limezuka tena suala la nasaba. Vijana wa Diani na Msambweni wauliza walikotoka babu zao, na kama yafaa Muislamu kushughulika na jambo hili. Twajibu kwamba yafaa, lakini lina mpaka wake.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat aya ya 13, yatufahamisha kuwa mataifa na makabila ni ya kujuana, na kwamba utukufu mbele ya Mwenyezi Mungu ni kwa uchaji. Na Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira yatuhimiza kujifunza nasaba kwa kadiri ya kuweza kuunga jamaa. Kadiri hiyo ndiyo mpaka. Mwenye kuuvuka akaanza kupima nani bora kuliko nani, amerudi katika ujahili.

Sasa na tutazame tufanyavyo. Mtu huandika nasaba yake kwa wino mzuri tangu Tarim au Shihr, baba juu ya baba, na humo hamna jina la mwanamke hata mmoja. Lakini Mhadhrami aliyeshuka pwani kwa jahazi, na pepo za kaskazi, aghalabu hakuja na mke. Alioa papa hapa. Ikiwa mke huyo alikuwa Mdigo, basi yeye alikuwa na fuko lake, kwani Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Wajukuu wana jamaa Kwale nzima ambao karatasi imewafuta, nao ndio wanaoweza kuwafikia kwa miguu! Wengine humficha bibi yao kwa kuwa alikuwa mjakazi. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na aibu yake haimhusu aliyetumikishwa.

Wala jambo hili si la heshima tu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku kwetu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, wao wakabaki, na watoto wao wakakua bila ya vitambulisho. Hata kufikia Oktoba 2016, mtu asiye na karatasi aliulizwa swali lile lile: wewe ni nani? Mwaka huo wa 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, wakaipata. Wapemba, wavuvi wa Shimoni na Vanga, walingoja hata mwaka 2023. Jirani aliyeweza kusema wazazi wao walikaa wapi alikuwa na ushahidi wa kuwafaa.

Mwenye kutafuta na aanze kwa wazee, maana karatasi hungoja, wazee hawangoji. Asiulize kabila kwanza. Aulize: alizikwa wapi? Nani alimwoza? Shamba lilitoka kwa nani? Kisha aende kwa kadhi, kwenye khabari za ndoa na mirathi, na atazame hati za ardhi, kwani sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani wathibitishe madai yao. Na asisimame mpakani. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipovuka na watu wake mwaka 1896 kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, jamaa waligawanyika pande mbili.

Kila jina liandikwe pamoja na mama yake, na jina la aliyetoa khabari na siku aliyoitoa. Kujinasibisha na asiyekuwa baba yako kumekatazwa vikali. Basi pasipojulikana paachwe wazi, hata kama ni mstari wa pili tu.