SOMO LA 12: JINA MOJA, HERUFI MBALIMBALI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Je, jina lako limeandikwa namna moja katika karatasi zako zote? Leo tutajifunza jambo hilo kwa kutumia jina la mama mmoja shujaa wa Ungoni.

Jina la Nduna Mkomanile

Vita vya Maji Maji vilipiganwa mwaka 1905 hadi 1907. Katika nchi ya Wangoni, mmoja wa viongozi alikuwa Nduna Mkomanile, mwanamke wa Kitanda. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi mjini Songea. Mkomanile alikuwa miongoni mwao. Mashujaa hao hukumbukwa kila mwaka, mwezi Februari, katika Makumbusho ya Maji Maji, Mahenge, mjini Songea.

Jina hilo ni la nadra. Tena limeandikwa kwa namna nyingi:

M-ko-ma-ni-le
N-ko-ma-ni-le
N-kho-ma-ni-le

Mtu ni yule yule. Kwa nini herufi zinatofautiana?

Sauti ya kwanza hutokea puani. Sikio moja husikia m, sikio jingine husikia n. Waliozoea Kiswahili huandika mk, kama katika neno mkono. Tena katika lugha kadhaa za Kusini, kh ni k inayotamkwa kwa pumzi. Si kh ya neno kheri.

Wageni nao waliandika kwa desturi ya lugha zao. Katika Kijerumani, s moja mbele ya irabu husomwa z. Kwa hiyo baadhi ya Wajerumani waliandika Ssongea, ili isisomwe Zongea. Sauti yetu ya sh wao huiandika sch. Ndiyo sababu Nkosi Chabruma, ambaye wengine humwita Shabruma, aliandikwa Schabruma.

Hasara yake

Katika vitabu vya historia, tofauti hiyo haimzuii msomaji kumtambua shujaa. Katika karatasi zako inaweza kukuletea hasara.

Tuseme kijijini kwenu yuko mama mwenye jina hilo. Cheti chake cha ubatizo kinasema Nkomanile. Kitambulisho cha taifa kinasema Mkomanile. Daftari la ushirika linasema Komanile. Mama ameuza mahindi, naye anataka malipo yake benki. Karani anaona majina matatu, na kwake hayo ni watu watatu. Fedha zinakaa. Mumewe akifariki, mama huyo huyo anaweza kusumbuka katika mirathi. Jasho ni lake, lakini herufi moja inamzuia mlangoni.

Tufanye nini?

1. Chagua namna moja ya kuandika jina lako. Kama una cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa, fuata herufi zilizomo, ikiwa ni sahihi.

2. Karani akikuuliza jina, usilitamke tu. Taja herufi moja moja: M, K, O, M, A, N, I, L, E. Afadhali zaidi, mwandikie mwenyewe.

3. Soma alichoandika kabla ya kutia sahihi. Ukiona kosa, mwambie kwa adabu alisahihishe papo hapo. Hiyo ni haki yako.

4. Kama karatasi zimekwisha kutofautiana, usizifute wala kuziandika juu. Mwone Mtendaji wa Kijiji akuelekeze. Mara nyingi huhitajika hati ya kiapo, ambayo huapwa mbele ya wakili au hakimu. Hati hiyo hueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

5. Andikisha watoto wako kwa herufi zile zile za jina la ukoo.

Jina la Nduna Mkomanile limeandikwa na watu wengine, kila mmoja kwa sikio lake. Wewe kalamu unayo mkononi. Liandike jina lako mwenyewe.

Maneno mapya

nduna – kiongozi aliye chini ya mkuu wa Wangoni
nkosi – mkuu wa Wangoni
nadra – isiyopatikana mara kwa mara
mirathi – mali iliyoachwa na marehemu

Maswali

1. Nduna Mkomanile alinyongwa mwaka gani?
2. Kwa nini baadhi ya Wajerumani waliandika Ssongea?
3. Hati ya kiapo hueleza nini?
4. Leo jioni, toa karatasi zako zote. Andika katika daftari jina lako kama lilivyo katika kila karatasi. Je, herufi zinafanana?