Kinywa, Tumbaku na Pombe: Kijitabu cha Kaya za Mbingu na Bonde la Kilombero

Mpunga ukishaingia ndani, Mbingu hupata pesa, na pesa ikipatikana vilabu hujaa. Kazi ya shamba ni nzito: kulima kwenye tope, kuamia ndege kutwa nzima, kulala dunguni na mbu. Mtu aliyetoka huko akitaka kikombe cha komoni na sigara moja, hatushangai. Hatukuandika kijitabu hiki ili kumsema. Tumekiandika kwa sababu ya saratani ya kinywa, ambayo wengine huiita kansa ya mdomo. Inaanzia mahali ambapo mtu yeyote wa nyumbani anaweza kupaona kwa macho, lakini wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imeshashuka shingoni.

Saratani hii hushika midomo, ulimi, ufizi, kaakaa, ndani ya mashavu na pale chini ya ulimi. Mwaka 2022 watu karibu 390,000 duniani waligundulika nayo, na zaidi ya 188,000 walifariki kwa sababu yake. Ina visababishi kadhaa, lakini viwili vimetangulia vingine vyote, na vyote viwili vinauzwa hapa hapa kijijini: tumbaku na pombe.

Ugoro una moto wake

Watu wengi wanajua kwamba sigara ni mbaya. Ugoro ndio unaosamehewa, hasa ukiwa wa bibi au wa babu. Husemwa kwamba hauna moshi, kwa hiyo haudhuru, na kwamba unatuliza jino. Kweli jino hutulia kwa muda, maana nikotini hufanya mwili usahau maumivu kidogo. Tobo la jino linabaki palepale, na sasa linalala pamoja na tumbaku.

Mtengenezaji wa ugoro husaga tumbaku iliyokauka, kisha huchanganya na magadi. Magadi hayawekwi kwa ladha tu. Ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye haraka kwenye utando laini wa mdomo, na ndiyo sababu mtu akibwia ugoro husikia kichwa kimepata nguvu ndani ya dakika chache. Pamoja na nikotini hupita kemikali zinazoitwa nitrosamini, ambazo hujitengeneza tumbaku inapokaushwa na kuhifadhiwa. Hizo ndizo zinazoharibu chembe za mwili na kuzianzishia saratani. Mtu anayeweka ugoro nyuma ya mdomo wa chini kila siku, upande uleule, anaweka sumu mahali pamoja kwa miaka. Mganga wa hospitali akimchunguza huanzia hapo. Mara nyingi hukuta ngozi imekunjamana na kuwa nyeupe, na ufizi umerudi nyuma.

Tumbaku ya kutafuna ya pakiti, ile vijana wanayoiita kuberi, iko kwenye kundi hilohilo. Msokoto wa tumbaku ya shambani nao una moshi wenye madhara sawa na sigara ya dukani, hata kama hakuna kiwanda kilichougusa.

Pombe na tumbaku zikikutana

Pombe peke yake husababisha saratani ya kinywa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya uhakika mwaka 1988. Mwili ukiivunja pombe hutoa kemikali iitwayo asetaldehaidi, inayokata na kuvuruga maelekezo yaliyo ndani ya chembe. Kazi hiyo haifanywi na ini pekee. Vijidudu vya mdomoni navyo huigeuza pombe palepale ulimini, na mdomo usiopigwa mswaki una vijidudu vingi zaidi.

Hatari kubwa ni kwa mtu anayetumia vyote viwili. Pombe hulainisha utando wa mdomo, na sumu za tumbaku, ambazo zenyewe zingepita kwa shida, hupita kwa urahisi. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka huohuo wa 1988 ulikuta kwamba wanaovuta sana na kunywa sana walikuwa na hatari ya saratani ya kinywa na koo zaidi ya mara 35 ya wale wasiogusa chochote. Hesabu hapa si ya kujumlisha. Ni ya kuzidisha, na kwenye kilabu mambo haya mawili karibu kila siku hukaa meza moja.

Kuna wanaosema bia ni nafuu kuliko gongo. Kinachodhuru ni kilevi chenyewe, na kilevi ni kilekile kwenye ulanzi, kangara, bia au pombe kali. Tofauti ni kiasi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Robo lita ya pombe kali yenye asilimia 40 ina mililita 100, sawa na chupa 4 za bia, na mtu huimaliza kabla nyama haijaiva. Gongo haina asilimia iliyoandikwa popote, anayeipika mwenyewe haijui. Viroba vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali haikuondoka, imebadili vazi tu na kuingia kwenye vichupa vidogo.

"Mbona babu yangu alivuta mpaka akafa mzee kabisa?" Swali hili litaulizwa, na ni la haki. Si kila anayevuta hupata saratani, kama ambavyo si kila anayevuka mto wenye mamba hukamatwa. Babu aliyepona tunamkumbuka kwa sababu alibaki kutusimulia.

Fungua mdomo

Fanyeni hivi nyumbani mara moja kwa mwezi, hasa kwa mtu mzima anayevuta, anayebwia au anayekunywa. Hakuna gharama. Mjukuu anaweza kumfanyia babu, mke na mume wakafanyiana.

Kaeni uani mchana, au washeni tochi ya simu. Mwenye meno ya bandia ayavue. Nawa mikono. Anza na midomo: pindua wa chini, angalia pale ugoro unapokaa, kisha wa juu. Vuta shavu kwa kidole, kulia na kushoto. Mwambie atoe ulimi, umshike ncha kwa kitambaa safi na kuuvuta taratibu upande mmoja, halafu mwingine. Usikimbilie katikati ya ulimi. Kingo zake ndizo saratani hupenda. Kisha ainue ulimi juu ili uone sakafu ya mdomo, mahali ambapo karibu hakuna anayepatazama. Malizia kwa kupapasa shingo chini ya taya, pande zote mbili.

Tafuta baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, baka jekundu, kidonda, uvimbe, au jino linalocheza bila mtu kuumia. Baka jekundu ni la kuogopwa kuliko jeupe, ingawa haliumi. Maumivu ndiyo yanayotudanganya hapa: saratani changa ya mdomo mara nyingi haiumi hata kidogo, ilhali kidonda kidogo cha kujing'ata huuma usiku kucha na kupona chenyewe.

Kanuni ni moja, na iandikwe hata mlangoni: kidonda au baka lolote mdomoni lisilopona kwa wiki 2 lionwe na mganga wa zahanati au hospitali. Hata asiyevuta wala kunywa.

Jambo la pembeni, kwa kuwa bonde letu ni la malaria: mtoto anayevimba taya haraka, meno yakianza kulegea, asipelekwe kung'olewa jino mtaani. Katika nchi zenye malaria nyingi kuna saratani ya watoto iitwayo Burkitt inayoanza hivyo. Wengi hupona kwa dawa wakiwahiwa.

Kuacha, na kupunguza

Habari njema ni kwamba mwili hujirekebisha. Aliyeacha sigara, ndani ya miaka 5 hadi 10 hatari yake ya saratani ya kinywa hushuka kwa karibu nusu. Kuacha au kupunguza pombe nako hupunguza hatari hiyo. Siku 2 au 3 za mwanzo bila tumbaku ndizo ngumu: hasira, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Kila wimbi la hamu hudumu dakika chache tu, kisha hupita. Waislamu wanaofunga Ramadhani wanajua kukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi; kazi ni kuvuka saa ya futari. Mkatoliki aliyeacha kwa Kwaresima asirudi Pasaka.

Wa nyumbani wasaidie kwa vitendo. Msimtume mtoto dukani kuleta sigara. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Lakini anayekunywa pombe nyingi kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka apate kikombe, asiache ghafla peke yake. Anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Aanzie kituo cha afya.

Ukiona kitu

Usipake dawa ya kienyeji juu ya kidonda, na usikichome. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba barua ya rufaa. Kwa watu wa Mbingu hatua inayofuata kwa kawaida ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kipimo kinachotoa jibu ni kukata kipande kidogo sana cha nyama na kukipeleka maabara. Kukata huko hakusambazi saratani, kinyume na maneno ya mtaani. Ikithibitika, tiba huwa upasuaji, mionzi au dawa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Ikigunduliwa mapema, upasuaji mdogo unaweza kutosha. Ikichelewa, familia itahitaji nauli, mtu wa kumuuguza jijini kwa wiki nyingi, na shamba litapita msimu.

Mkifika, mwambieni mganga kidonda kilianza lini, kiko upande gani, na mgonjwa ametumia nini kwa miaka mingapi. Mtaje hata gongo. Mganga anataka kujua ili atibu. Hakuitwa pale kukamata mtu.