Hesabu kwanza, mdogo wangu

Wadogo zangu wa Tukuyu, mvua imetufungia ndani leo, basi sogeeni jikoni tuongee habari za simu.

Juzijuzi hapa Msasani ya Tukuyu nilikuwa napanga mikungu ya ndizi, ikaingia meseji: umepokea shilingi 85,000. Kabla sijafuta utomvu mikononi, mtu akapiga. "Dada yangu, nimekosea namba. Hela ya mgonjwa hiyo, nirudishie." Huruma ikanishika, nikatuma. Jioni nakwenda kwa wakala kutoa hela ya mbolea, nakuta 85,000 yangu mwenyewe imeondoka. Ile meseji ilitoka kwenye namba ya kawaida, tarakimu kumi kama yako. Tapeli kaiandika mwenyewe, kanitumia.

Kusoma najua. Ila mtu akiniambia ndizi kashalipia, nahesabu noti kwanza ndipo namkabidhi mkungu. Kwa nini kwenye simu sikuhesabu? Noti za simu ni salio. Meseji ya pesa ikiingia, fungua menyu, angalia salio. Kama kweli kakosea, awapigie watu wa kampuni yake ya simu. Wao ndio wenye kazi ya kurudisha muamala. Na meseji ya tapeli iripoti TCRA kwa 15040.

Alama ya kidole nayo ina thamani. Unasajili laini, msajili anakwambia "rudia, haijasoma." Pengine ya kwanza ilisoma, na hiyo ya pili inasajili laini ya mtu usiyemjua kwa jina lako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta ngeni, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Nyie vijana mnaokopa kwenye programu za simu, mnabonyeza "Kubali" kama mnafukuza nzi. Hapo umeshafungua orodha ya majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, mama mkwe anaandikiwa kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Uliza leseni kabla ya kuuliza riba.

La mwisho linaniuma zaidi. Kwa wakala utamsikia bibi: "Nisaidie mwanangu, namba ya siri ni..." na foleni nzima inasikia. Si mjinga huyo. Anaona haya kuuliza, na sisi tunaofahamu hatuna subira naye. Jumapili hii kaa na bibi yako. Usimshikie simu, aishike mwenyewe. Aangalie salio mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi kidole kizoee njia. Akikosea, usicheke. Dada yenu mwenye shule yake kaliwa 85,000.