Damu ya mtoto hutengenezwa wapi akiwa tumboni?

Akina mama wengi wanaokuja kliniki hutuambia kwamba mtoto tumboni hunywa damu ya mama yake. Ndugu msomaji, sivyo. Mtoto hujitengenezea damu yake mwenyewe, nayo hupita jirani na ya mama kwenye kondo la nyuma bila kuchanganyika. Ndiyo sababu mama wa kundi O anaweza kuzaa mtoto wa kundi A.

Huitengeneza wapi? Hapa pana ajabu, maana kiwanda chenyewe huhama. Seli za kwanza za damu huonekana katika wiki ya 3 tangu mimba kutungwa, ndani ya kifuko kidogo kilichoshikamana na kiinitete. Wakati huo mama bado anasema siku zake zimechelewa kidogo tu.

Damu hiyo ya mwanzo ni ya muda. Seli mama, yaani zile zitakazozaa damu ya mtu maisha yake yote, hutokea kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unaopita karibu na uti wa mgongo, takriban wiki ya 5. Baadhi ya seli za ukuta huo hubadilika, hubanduka na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako huongezeka sana. Ini ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya damu ya mtoto mpaka karibu mwezi wa 7. Kisha kazi hushikwa na uboho ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo damu yako wewe inatengenezwa hata leo.

Kazi hii yote inahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki, na mtoto huvipata kwa mama tu. Ukingoja tumbo lionekane ndipo uje kliniki, kazi imeanza zamani. Wala usiache vidonge mwishoni: katika miezi 3 ya mwisho mtoto hujiwekea akiba ya chuma ya kumfikisha karibu miezi 6 baada ya kuzaliwa.

Meza vidonge vya damu kila siku kwa maji, si kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi usiogope. Vikikuletea kichefuchefu, meza usiku baada ya kula. Ukishindwa kabisa, mwambie muuguzi, usivifiche chini ya godoro (tunajua vinakofichwa).