Gazeti la Karatasi na Habari za Simu



Swali hili limekuwa likirudi katika baraza zetu: kuna haja gani ya kutoa pesa kununua gazeti, hali habari zile zile zimo katika simu, tena zafika mapema? Ni swali la haki, nasi twalitazama kwa upande wa karafuu.

Wakati wa mavuno huja ujumbe wa simu usemao kuwa bei ya ZSTC itashuka wiki ijayo. Hauna jina wala tarehe. Mwenye karafuu jamvini huingiwa na hofu, akamwuzia mlanguzi kwa hasara; kisha ujumbe hufutwa, asipatikane wa kuulizwa. Tuliosoma chuoni twajua kuwa hadithi hutazamwa kwanza isnadi yake: nani kaipokea kwa nani. Gazeti lina isnadi: mhariri anajulikana, mahali lilipochapwa panajulikana, na tarehe iko juu. Likikosea, kosa hubaki pale pale karatasini, na masahihisho hutafutwa katika toleo jingine. Habari ya mtandaoni yaweza kubadilishwa usiku, na asubuhi usijue jana ilisemaje.

Nakala za Gazeti la Serikali la Unguja, lililoanza 1892, zingali zasomeka katika Nyaraka, Kilimani. Ujumbe wa simu wa mavuno yaliyopita nani kati yetu anao?

Hata hivyo karatasi ina gharama. Wiener Zeitung, gazeti la Austria lililoanza 1703, liliacha kuchapwa kila siku tarehe 30 Juni 2023, likabaki mtandaoni. Pato lake kubwa lilikuwa matangazo ambayo makampuni yalilazimishwa na sheria kuyatoa humo. Sheria ilipobadilishwa, pato likakatika. Na sisi wa kisiwani gazeti letu huja kwa chombo, bahari ikichafuka twangoja. Lakini simu nayo hupita baharini: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota Tanzania.

Kwa habari ya mvua, tazameni simu. Gazeti la jana halianui karafuu. Kwa bei, msiuze kwa ujumbe usio na mwenyewe. Ulizeni kituoni. Tangazo la bei likichapwa gazetini tutalibandika mlangoni mwa ofisi, na nakala moja itatiwa jaladani. Nanyi wekeni stakabadhi zenu za mauzo.