Yesu: Mtu au Mungu?

Jambo hili hubishaniwa sana mabwenini. Mwenye kusema Yesu ni Mungu huulizwa, "Je, Mungu huona njaa?" Na mwenye kusema ni mtu tu huulizwa, "Mbona basi waombewa kwa jina lake?" Kelele huwa nyingi, elimu kidogo. Yafaa tujue kwamba ubishi huu ni wa kale, na sehemu yake kubwa ilifanyika hapa hapa Afrika.

Katika mji wa Aleksandria, nchi ya Misri, alikuwako padre jina lake Arius. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya viumbe vyote. Basi ni mkuu sana, lakini si sawa na Mungu. Msidhani alikuwa mjinga. Alitaka kulinda umoja wa Mungu, na wengi walimfuata. Maaskofu walikutana Nikea mwaka wa 325, wakakata shauri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Athanasius, aliyekuwa shemasi tu wakati ule na baadaye askofu wa Aleksandria, alishika neno hilo hata akafukuzwa mjini kwake mara tano. Hoja yake nitaisema kwa mfano wangu mwenyewe: anayechukuliwa na maji ya mto hawezi kuokolewa na mwenziwe anayechukuliwa naye, sharti awepo aliyesimama ukingoni.

Athanasius ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, katika Ethiopia. Yapata mwaka wa 356 Kaisari Constantius, aliyewapendelea wafuasi wa Arius, aliandika barua kwa Ezana, mfalme wa Aksum, akitaka Frumentius apelekwe Aleksandria akapimwe imani yake upya. Hebu fikirini, Kaisari wa Roma kukosa usingizi kwa ajili ya askofu mmoja wa Afrika! Waethiopia humheshimu Frumentius hata leo kwa jina la Abba Salama.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Ikiwa yeye ni Mungu, utu wake ulikuwa wa kweli, au alijivika mwili kama mtu avaavyo shuka? Mkutano wa Kalkedonia, mwaka wa 451, ulijibu kwamba ni nafsi moja yenye asili mbili, zisizochanganyika wala kutengana. Wamisri wengi na Waethiopia walikataa, wakaona kwamba kusema "mbili" ni kumkata Kristo vipande. Kanisa la Ethiopia hujiita Tewahedo, maana yake kufanywa kuwa mmoja. Vitabu vingine husema hao hukana utu wa Yesu. Si haki kusema hivyo: wao pia hukiri kwamba ni Mungu kamili na mtu kamili. Hata mwaka wa 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko moja juu ya jambo hilo. Miaka zaidi ya 1500 ilikuwa imepita, na ugomvi mwingi ulikuwa juu ya maana ya neno "asili."

Sasa nije kwetu. Mimi natoka Arash, upande wa Loliondo. Katika miaka ya 1960 alikaa Loliondo padre Mmarekani, Vincent Donovan, aliyezunguka bomani akizungumza na wazee. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1978 mna ungamo la imani lililotungwa kwa ajili ya Wamasai. Halina neno "asili" wala "nafsi." Humtaja Yesu kwa kabila lake na umaskini wa kijiji chake, nalo lafika kaburini na kusema kwamba fisi hawakumgusa.

Wenzangu wa pwani wakisikia hivyo hucheka. Lakini zamani Wamasai hawakuwa na desturi ya kuzika kila mtu. Maiti wengi waliachwa porini, na fisi wakafanya kazi yao. Mzee akisikia habari ya fisi, hahitaji kufafanuliwa kwamba huyu alikuwa na mwili wa nyama kama wetu, kwa kuwa fisi hamfuati asiye na mwili. Tena, akisikia kwamba fisi hawakumgusa, atauliza mara moja, "Huyu ni nani basi?" Nikea na Kalkedonia zilihitaji maaskofu mamia kufika kwenye swali lilo hilo.