Shufwa na Witiri katika Kiini cha Zebaki

Neno "kiini" lina maana kadhaa katika Kiswahili: kiini cha yai, kiini cha seli, kiini cha tatizo. Linapotumiwa kwa sehemu ya kati ya atomu, yenye protoni na nyutroni, mwanafunzi huazima picha ya yai bila kukusudia, akadhani kwamba kila kiini ni tufe. Istilahi hii ni bora kuliko neno lolote la kukopa, ila picha inayoandamana nayo yafaa kuchunguzwa. Zebaki ni mfano mzuri.

Upana wa kiini ni chini ya sehemu moja kati ya elfu kumi ya upana wa atomu, hivyo hakionekani kwa darubini ya mwanga. Habari zake huletwa na elektroni. Elektroni hupanda kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine inapomulikwa kwa rangi mahsusi tu. Baadhi ya elektroni hupenya mpaka ndani ya kiini chenyewe. Kiini kikiwa kipana zaidi, mvuto wake kwa elektroni hizo hupungua kidogo, na rangi inayohitajika husogea kwa sehemu chache tu katika milioni. Leza, ambayo rangi yake ni moja na hurekebishwa hatua kwa hatua, huweza kuutambua msogeo huo. Taaluma hii ndiyo huitwa spektroskopia ya leza.

Zebaki ina protoni 80 daima. Idadi ya nyutroni ndiyo hubadilika na kuzaa isotopu mbalimbali. Mnamo mwaka 1972, katika kituo cha ISOLDE kilichoko CERN, karibu na Geneva nchini Uswisi, watafiti walipima isotopu nyepesi za zebaki kwa mwanga, kabla leza hazijashika kazi hiyo. Ilitarajiwa kwamba kiini kingepungua taratibu kadiri nyutroni zinavyopungua. Badala yake, viini vya zebaki 185 na 183 vilipanuka ghafla. Vipimo vilivyofuata vilibainisha kwamba isotopu jirani zenye nyutroni shufwa zimebaki karibu na umbo la tufe, ilhali 181, 183 na 185, zenye nyutroni witiri, zimerefuka mithili ya mpira wa raga. Nyutroni moja tu hutenganisha maumbo hayo mawili.

Wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi wangestahili kutazama hapa. Shufwa na witiri ni maneno ya siku nyingi. Witiri hujulikana hata na asiyesoma hisabati, kutokana na swala ya usiku yenye rakaa witiri.

Swali lililobaki lilikuwa: je, kupishana huko huishia wapi? Jibu lilichapishwa mwaka 2018. Huko ISOLDE, protoni zilirushwa kwenye risasi iliyoyeyushwa, atomu za zebaki zikatoka kama mvuke, leza zikaziondolea elektroni, kisha sumaku zikazitenga kwa uzani. Watafiti walifika hadi zebaki 177, ambayo huishi kwa chini ya sekunde moja. Chini ya 181, viini vilikuwa vimerejea karibu na tufe, viwe vya shufwa au vya witiri. Hesabu za kompyuta kubwa nchini Japani zilionyesha kwamba katika viini vilivyorefuka, protoni na nyutroni kadhaa huhama ngazi zao kwa pamoja.